Mgongo unaouma unahitaji mwendo: uzi kuhusu fiziotherapia na maumivu ya kiuno

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Karibu kila juma huletwa hapa swali lilelile kwa sura tofauti: kiuno kinauma, mtu hawezi kuinama wala kukaa kwa muda mrefu, vidonge vimekwisha na maumivu yamerudi, je, afanye nini? Majibu nayo hujirudia. Mmoja humshauri alale sakafuni, mwingine humwelekeza kwa muuza mikanda ya mgongo, wa tatu humtajia mchuaji hodari, na hakosekani wa kumwonya asiguse hata ndoo ya maji mpaka apone kabisa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma, na wagonjwa wengi wanaonijia kwa tatizo hili huwa wamekwisha kuupitia ushauri huo wote. Nimeona niandike kwa urefu yale ambayo ningependa wayajue mapema zaidi, kwa kuwa kuchelewa kuyajua kunawagharimu fedha, ajira na furaha ya kuishi.

Hoja yangu ni moja. Mgongo wa watu walio wengi, hata unapouma sana, ni mgongo imara unaotakiwa kurudishiwa kazi yake kwa kipimo, na kadiri unavyopumzishwa ndivyo unavyozidi kudhoofika na kuogopa.

Ukubwa wa jambo lenyewe si mdogo. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na idadi hiyo inatazamiwa kufika milioni 843 ifikapo mwaka 2050, huku ongezeko kubwa zaidi likitarajiwa Afrika na Asia. Hata hivyo, katika wagonjwa 10, takribani 9 hawakutwi na mfupa uliovunjika, uvimbe, maambukizi wala jeraha lolote mahususi linaloweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndilo chanzo. Simaanishi kwamba maumivu yao ni ya kuwazia. Yanauma kweli, na yanatoka katika misuli, kano, viungo vidogo vya pingili na mishipa ya fahamu inayovihudumia. Lakini ukali wake hupandishwa pia na usingizi duni, msongo wa mawazo, udhaifu wa mwili, na zaidi ya yote hofu. Mtu anayeamini kwamba mgongo wake umeharibika hukaza misuli kila anapojongea, huacha kazi moja baada ya nyingine, na mwili unaoachishwa kazi hupoteza uwezo wa kuifanya.

Kinachowatia watu hofu hiyo mara nyingi ni karatasi ya majibu ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Mtu husoma kwamba diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, imetokeza au pingili zimelika, na kuanzia siku hiyo hutembea kana kwamba amebeba trei ya mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 ambao migongo yao ilipigwa picha ilhali hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee hao. Hawa wote, nasisitiza, hawakuwa wakiumwa. Picha ina kazi yake pale daktari anapotafuta jambo fulani baada ya kumpima mgonjwa, lakini picha inayopigwa tu kwa sababu kiuno kinauma huweza kumwachia mtu mzigo wa maneno ya kutisha yasiyohusiana na maumivu yake.

Nirudi kwenye kupumzika, maana hapa ndipo madhara makubwa yanapotokea kwa nia njema kabisa. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Finland, waliopatwa na maumivu ya mgongo ya ghafla. Kundi moja liliambiwa lilale siku 2, la pili lilipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale wa kundi la tatu, na waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala. Tena hapo tunazungumzia siku 2 tu. Kuna jaribio jingine la mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, ambapo vijana 5 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa wiki 3. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilibainika kwamba zile wiki 3 ziliushusha uwezo wa miili yao kufanya kazi nzito kuliko ilivyoushusha miaka yote 30 ya kuongezeka umri. Kwa hiyo ndugu anapomwambia mgonjwa wa kiuno "lala tu, sisi tutafanya kila kitu", anampa pendo lenye gharama kubwa.

Fiziotherapia basi hufanya nini? Wengi hufika kitengoni kwetu wakitarajia mashine au kuchuliwa. Ninachoanza nacho ni mazungumzo: maumivu yalianzaje, kazi yako ni ipi, unalala saa ngapi, ni tendo gani umeliacha na unatamani kulirudia. Kisha nakupima unavyoinama, unavyogeuka, nguvu za miguu, wepesi wa nyonga, hisia za ngozi. Baada ya hapo tunakubaliana lengo linaloonekana katika maisha yako, kwa mfano kuchota maji na kufika nayo nyumbani, kurukuu na kusujudu bila kuhitaji kiti, au kukaa nyuma ya bodaboda hadi kazini. Mazoezi hutokana na lengo hilo. Kuchua, joto na mbinu za mikono vinaweza kutuliza ili mtu aweze kuanza kujongea, na mimi huvitumia, ila mgonjwa akija mara nyingi kwa ajili hiyo peke yake huwa hajapata tiba niliyosomea.

Kwa wale walio mbali na hospitali, nitaeleza machache ambayo watu wazima wengi wanaweza kuyaanza nyumbani. La kwanza ni kuinuka kitini: keti kwenye kiti kilichosimama imara, nyayo sakafuni, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudi kukaa polepole bila kujiangusha. La pili ni daraja, yaani unalala chali, unakunja magoti na kuacha nyayo chini, halafu unainua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, unashikilia kwa pumzi mbili, unashuka. La tatu, piga magoti na kuweka viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, kisha badilisha. Mara 8 hadi 10 kwa kila zoezi, mizunguko 2, zinatosha kwa kuanzia, na uongeze mwili unapozoea. Zoezi lisilowahi kuongezwa huacha kumjenga mtu baada ya majuma machache, na hili husahauliwa mno, hata na baadhi yetu tunaotoa huduma.

Kuhusu maumivu wakati wa mazoezi, ninawafundisha wagonjwa kanuni nyepesi. Maumivu yakipanda kidogo na kurudi yalivyokuwa kabla ya kesho yake, umefanya kiasi kinachofaa. Yakibaki juu hadi kesho yake, ulizidisha; punguza idadi, usiache. Kusikia maumivu si sawasawa na kuumia, na mtu akishalielewa hilo huwa nusu ya kazi imekamilika.

Kisha kuna kutembea, tiba rahisi inayodharauliwa kwa sababu haina risiti. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Nusu yao walipangiwa programu ya kutembea iliyoongezwa hatua kwa hatua, ikilenga dakika 30 mara 5 kwa wiki, pamoja na vikao vichache vya ushauri na mfiziotherapia. Kwa wasiopangiwa, muda wa wastani kabla ya maumivu kurudi ulikuwa siku 112. Kwa waliotembea, siku 208. Hakuna kidonge ninachokijua kinachompa mtu nafuu ya namna hiyo baada ya kwisha kukimeza.

Sasa niseme jambo ambalo naomba lisirukwe. Zipo dalili ambazo mtu akiziona asifanye mazoezi yangu wala kungoja, aende hospitali. Kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, na ganzi katika sehemu za siri na eneo linalogusa tandiko unapoketi, ni dharura ya siku hiyohiyo. Mguu unaozidi kukosa nguvu nao hauhitaji kusubiri. Vivyo hivyo maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na maumivu yasiyotulia usiku kwa namna yoyote ya kulala. Katika nchi zetu lazima niongeze kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huanza taratibu, huambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Ukichelewa, pingili huporomoka, kibiongo hutokea na miguu huweza kupooza, ilhali dawa zake zipo na zinaponya. Mtu wa namna hii kupelekwa kwa mchuaji miezi mitatu ni jambo linaloniumiza sana kila ninapokutana nalo.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri nafasi itakavyoruhusu.

Mama Lishe wa Ilala:
Ahsante kwa somo, dokta. Mimi napika tangu alfajiri, jiko liko chini, nainama kutwa, na jioni nafagia kwa ufagio mfupi. Nina mtoto wa miezi sita ninayembeba mgongoni. Kiuno kimeanza kuniuma tangu nijifungue. Je, niache kumbeba?

Mleta mada:
Usiache kumbeba, dada yangu. Kuinama si sumu, na mgongo wa binadamu uliumbwa uiname. Kinachouchosha ni kukaa katika mkao mmoja kwa saa nyingi. Ukiweza, inua jiko moja juu ya matofali au meza imara, ili kazi nyingine uifanye umesimama na nyingine umekaa kwenye kigoda. Ufagio ukifungiwa mti mrefu, kazi yake hubaki ileile. Mtoto mbebe mgongoni akiwa amefungwa juu na karibu na mwili, na mara nyingine umhamishie mbele.

Ulilolitaja kuhusu kujifungua lina uzito wake. Misuli ya tumbo hulegea wakati wa ujauzito, na ile ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu, huchoshwa na mimba na uzazi. Ikaze kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi 5 huku ukipumua, kisha ilegeze kabisa. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku, ukiwa umekaa au umelala, usifanye wakati wa kukojoa. Ongeza na zoezi la daraja. Kama mkojo hukuponyoka ukikohoa au ukicheka, tafadhali usilione kuwa ni fungu la kila mzazi ambalo huvumiliwa kimya. Fiziotherapia huitibu hali hiyo, na akina mama wengi hawajawahi kuambiwa.

Mkanda Tiba:
Mkuu, nakubaliana na mengi ila si yote. Mimi mkanda umenisaidia mno, na hospitali niliyotibiwa waliniwekea mashine ya umeme na ile ya mawimbi kwa wiki kadhaa, nikapata nafuu. Unataka kusema walinidanganya?

Mleta mada:
Hapana, mkuu, na nafuu uliyoipata siibishii. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe, na wengi wetu hutafuta tiba yanapokuwa yamefika kileleni, kwa hiyo chochote kitakachofuata huonekana ndicho kilichoyashusha. Ndiyo sababu tunahitaji tafiti zinazolinganisha makundi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kudumu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahususi. Ulipendekeza elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, tiba ya saikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe kwa uangalifu. Ulishauri mikanda, kuvutwa mgongo, mashine ya mawimbi ya sauti, mashine ya umeme wa kutuliza maumivu na dawa za jamii ya morfini zisitumiwe kuwa tiba ya kawaida ya hali hiyo.

Ikiwa mkanda unakupa ujasiri wa kumaliza siku yenye mizigo mingi, uvae siku hiyo. Ninachokuomba ni kuwa na mpango wa kuuvua, kwa kuwa nguvu unayoitafuta kwenye mkanda unaweza kuijenga katika misuli yako mwenyewe. Nami nasema wazi kwamba vipo vitengo, vya umma na vya binafsi, ambavyo mgonjwa huunganishwa na mashine, akaachwa, akalipa, akaondoka bila kufundishwa zoezi hata moja. Ukikutana na huduma ya namna hiyo una haki ya kuuliza: nifanye nini nikiwa nyumbani, na niongeze lini?

Usukani Mbeya–Dar:
Sisi madereva je? Nakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri hadi usiku.

Mleta mada:
Ndugu dereva, kazi yako ina kukaa na mtikisiko, na vyote viwili huchangia. Sogeza kiti mpaka ufikie pedali bila kunyoosha mguu wote, na mgongo wako uegemee kikamilifu. Kila gari linaposimama, wewe shuka: tembea kulizunguka, weka mikono kiunoni na ujinyooshe kwa nyuma mara 5, chuchumaa na kuinuka mara 10. Ukifika mwisho wa safari usishushe mizigo mizito papo hapo. Tembea kwanza dakika chache.

Faida ya hayo inavuka mgongo. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi siku nzima, na ulipowapata ulikuwa mkali zaidi. Tafiti nyingi zilizofuata kuhusu mwendo na moyo zilijengwa juu ya kazi hiyo. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku 2 au zaidi. Dakika 10 za kila kituo huhesabiwa humo.

Jirani wa Nakuru:
Nitajuaje kwamba anayeniambia ni mfiziotherapia ni mtaalamu kweli? Mtaani kila mwenye meza ya kuchua ana kibao.

Mleta mada:
Mwombe usajili wake bila haya. Kwenu Kenya lipo Baraza la Wafiziotherapia lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mtaalamu halali hupaswa kusajiliwa nalo. Kwetu Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha fani hii kwa muda mrefu, na huduma hupatikana katika hospitali kubwa kama MOI na CCBRT jijini Dar es Salaam, pia katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, ingawa sisi tuliopo ni wachache kwa mahitaji yaliyopo. Ishara nyingine ni hii: mtaalamu atakuuliza na kukupima kabla ya kukugusa, na hatakuahidi kwamba "atarudisha pingili mahali pake".

Babu wa Tanga:
Mwanangu, nina miaka 71. MRI ilisema diski mbili zimelika, nikaambiwa nilale juu ya ubao na nisitembee mbali. Mwaka wa pili huu. Sasa hata kwenda msikitini napelekwa kwa bajaji. Haja zote zinakwenda vizuri, na miguu ina hisia. Umri huu mwendo bado unafaa?

Mleta mada:
Shikamoo babu. Unafaa, na kwa umri wako unafaa zaidi. Diski zilizolika katika miaka 71 ni kitu ambacho ningekikuta kwa wenzako wengi wanaotembea bila shida yoyote. Kuhusu ubao, wapo watafiti wa Hispania waliolinganisha magodoro kwa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakachapisha matokeo mwaka 2003, na waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Rudi kwenye godoro lako, babu. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti.

Kinachonipa wasiwasi kuliko mgongo wako ni miaka hii miwili ya kutotembea, kwa sababu nguvu za mapaja na usawa wa mwili hupungua upesi uzeeni, na mzee akianguka nyonga huweza kuvunjika. Kwa waliofikisha miaka 65, mwongozo wa mwaka 2020 niliokwisha kuutaja unaongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki.

Babu wa Tanga:
Marahaba mwanangu. Basi nianze vipi, na kwa kiasi gani?

Mleta mada:
Kwanza mwone daktari akupime presha na kuangalia dawa unazotumia, hasa kama husikia kizunguzungu unaposimama. Akikuruhusu, anza na kuinuka kitini mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, kiti kikiegemezwa ukutani ili kisiteleze. Kisha simama kando ya ukuta, shika kwa vidole, inua mguu mmoja na uhesabu hadi 10, ubadilishe. Mjukuu awe karibu siku za mwanzo.

Kuhusu msikiti, usianze na safari nzima. Panda bajaji, lakini mwambie dereva akushushe nyumba chache kabla, umalizie kwa miguu ukiwa na mkongojo na mtu wa kukusindikiza. Ukiona kesho yake mwili uko vilevile, baada ya wiki akushushe mbali kidogo zaidi, na uendelee hivyo. Maumivu yakipanda na kubaki, rudi kwenye umbali wa wiki iliyotangulia, usirudi kitandani. Viatu viwe vyenye kisigino kilichofungwa, kandambili ziache nyumbani. Tuandikie hapa baada ya mwezi umefikia wapi, ili nikuongezee.